Mvua ya vuli, mbu wa bondeni na homa inayoanzia zizini

Ikikaribia vuli, swali huwa lile lile vijiweni na kwenye daladala: mwaka huu El Niño ipo? Hofu hiyo ina msingi. Waliokuwepo mwishoni mwa 1997 wanakumbuka barabara zilizokatika na mashamba yaliyogeuka maziwa. Lakini El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi, na imeshatuhadaa. Ya 2015 ilikuwa miongoni mwa zile kali zaidi kuwahi kupimwa. Watu wakajiandaa kwa gharika, na gharika ya kiwango cha 1997 haikuja. Vuli ya 2019, El Niño ikiwa haipo kabisa, mafuriko yalizoa watu Tanga na maporomoko ya udongo yakafukia nyumba Pokot Magharibi.

Kilichotokea 2019 kilianzia kwenye bahari yetu wenyewe. Kuna miaka maji ya upande huu, kuanzia Somalia kushuka hadi Mtwara, yanakuwa na joto kuliko kawaida huku yale ya karibu na Sumatra yakipoa. Mvuke mwingi hupanda upande wetu, mawingu hujikusanya, na vuli humwagika kupita kiasi. Hali ikigeuka, sisi hupata ukame. Wanasayansi waliieleza tofauti hiyo mwaka 1999 na kuiita Daipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2019 ilikuwa kubwa mno: sisi tulizama, Australia ikaungua. Mwaka 1997 daipoli na El Niño zilikutana, ndiyo maana hakuna aliyesahau.

Je, mabadiliko ya tabianchi yanahusika? Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2014 ulikadiria kwamba, hewa ukaa ikiendelea kuongezeka kwa kasi, daipoli kali za aina hiyo zitatokea karibu mara tatu zaidi katika karne hii kuliko katika karne iliyopita. Ni makadirio ya kompyuta, si unabii. Hata hivyo yanatosha kutufanya tuulize swali ambalo magazeti yetu huliuliza mara chache: maji yakishatuama, nini hufuata?

Katika mbuga za Garissa, Dodoma au Manyara kuna mabonde madogo ambayo kwa miaka hukaa makavu. Kwenye udongo wake mna mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, na baadhi ya mayai hayo yana virusi tayari, kwa kuwa mbu jike anaweza kuvirithisha kwa mayai yake. Ukame hauyaui. Bonde likifurika na maji yakakaa siku kadhaa, mayai huanguliwa kwa pamoja, na mbu hao wanapouma mifugo, virusi huhamia zizini. Mbu wa aina nyingine, Culex, hudaka hapo na kusambaza.

Huo ndio ugonjwa wa Homa ya Bonde la Ufa, uliotambuliwa miaka ya 1930 na 1931 kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Dalili yake ya kwanza huonwa na mfugaji kabla ya daktari: kondoo na mbuzi wanatupa mimba karibu wote kwa wakati mmoja, na vitoto vinavyozaliwa vinakufa kwa wingi. Anayemsaidia mnyama kuzaa, anayechinja, anayechuna ngozi au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu ndiye aliye hatarini zaidi, kuliko anayeumwa na mbu. Maziwa mabichi nayo yanashukiwa.

Wengi wanaoambukizwa hupata homa na maumivu ya misuli, wakapona. Wachache huharibika macho, huvimba ubongo au hutokwa na damu, na wanaofikia hatua hiyo ya mwisho karibu nusu yao hufa. Haijawahi kuthibitishwa kwamba mtu humwambukiza mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbia jirani mgonjwa. Katika mlipuko wa 2006 na 2007, Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo 155 Kenya na 109 Tanzania.

Na mlipuko ule ulitabiriwa. Wanasayansi waliotumia picha za setilaiti, wakipima joto la bahari na ukijani wa malisho, walitoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza. Kuchanja mifugo Kenya kulianza Januari 2007, watu wakiwa wameshaanza kufa. Kuchanja ugonjwa ukishaingia kuna hatari yake pia: sindano moja ikipita kwa mbuzi wengi inaweza kubeba virusi kutoka kwa aliyeambukizwa. Isitoshe, chanjo ya zamani yenye virusi hai inaweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe, ndiyo maana wafugaji wengine huikwepa.

Utabiri wa vuli kwa nchi za Afrika Mashariki hutolewa mwishoni mwa Agosti. Kati ya hapo na mabonde kujaa kuna wiki chache za kuchanja, nazo ni wiki za vumbi, ambapo mfugaji haoni mbu hata mmoja na anatafuta maji ya kunywesha hao hao mbuzi.