Maua na Wadudu wa Mbozi Mbele ya Kamera

Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe ni eneo la kahawa ya arabika, na mkahawa huchanua pale mvua zinapovunja kiangazi, ukitoa maua meupe yenye petali 5 na harufu inayokaribiana na ya yasmini, ambayo hunyauka baada ya siku chache tu. Anayetaka kuyapiga picha kwa karibu, pamoja na nyuki wanaoyatembelea, hana budi kuwahi.

Picha ya karibu, kwa maana yake kamili, ni ile ambayo taswira inayoundwa juu ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ina ukubwa sawa na wa kitu chenyewe, hivi kwamba nyuki wa milimita 12 hupata taswira ya milimita 12, nayo ikikuzwa kufikia ukurasa mzima wa gazeti, vinyweleo vya miguu yake na chembe za chavua zilizonasa humo huonekana wazi. Lenzi za kazi hii ni ghali, ingawa kilenzi kidogo cha kubanwa juu ya simu humtosha anayeanza.

Ugumu wa kazi hii hautokani na udogo wa mdudu bali na wembamba wa eneo linaloonekana bila ukungu, kwa sababu kadiri lenzi inavyosogezwa karibu ndivyo eneo hilo linavyopungua, hata likabaki milimita 1 au 2 tu, jicho la nyuki likawa dhahiri huku mabawa yake yakififia. Tundu la lenzi likibanwa, eneo hilo huongezeka, lakini mwanga unaoingia hupungua, kamera hulazimika kuuvuta kwa muda mrefu zaidi, na upepo mdogo tu ukilitikisa ua, picha huharibika. Ndiyo maana alfajiri hupendelewa: upepo huwa umetulia, na wadudu, ambao joto la miili yao hutegemea sana hali ya hewa, hukaa kimya juu ya majani wakiwa wamelowa umande. Baridi ya nyanda za juu, ambayo wengine huilalamikia, hapa ni neema. Wapo wanaomtia mdudu kwenye jokofu ili atulie, lakini picha ya namna hiyo haielezi tena maisha ya mdudu huyo porini.

Thamani ya picha hizi haiishii kwenye uzuri. Viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa barani Afrika mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, hutambuliwa kwa alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani na kwa madoa 4 yaliyojipanga kama pembe za mraba karibu na mkia, alama ambazo mkulima wa mahindi anaweza kuzinasa kwa simu na kumpelekea afisa ugani kabla shamba halijaliwa lote.

Kwa okidi, utambuzi huu kwa njia ya picha una uzito zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyo katika nyanda za juu kusini, iliyoanzishwa mwaka 2005 na inayojulikana kama Bustani ya Mungu, ina takriban aina 350 za mimea, zikiwamo okidi 45 zinazoota ardhini. Chavua ya okidi haitawanyiki kama vumbi, bali hushikamana katika mabonge yanayomnata mdudu, na picha ya karibu inaweza kuonyesha ni mdudu yupi aliyeyabeba. Viazi vya okidi za nyanda za juu kusini, ambavyo wengine huviita kinaka, vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa kupitia mpaka wa Tunduma kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama keki. Mchimbaji huung'oa mmea wote, na kiazi hufika mpakani bila ua. Okidi nyingi hutambulika kwa maua yake, na mtaalamu anayekabidhiwa gunia la viazi vitupu mara nyingi hushindwa kutaja ni aina zipi zilizomo bila kupima vinasaba vyake maabara.