KWA NINI RUTA YETU HUSEMA POLEPOLE



Muhula uliopita nilimtoa kijana mmoja wa Kidato cha Pili katika chumba cha kompyuta mbele ya wenzake. Ufunguo wa chumba hicho nimekabidhiwa mimi, na siku ile tulikuwa tukipakua mitihani ya miaka iliyopita. Kazi ilikwenda vizuri mpaka yeye alipoketi kwenye kompyuta ya pembeni, nyuma ya kabati la chuma. Mara intaneti ikawa nzito kwa wote. Nikasema anapakua sinema kwa siri. Alikana, sikumsadiki. Baadaye Mwalimu wetu wa Fizikia alinipa maandishi nisome, na hayo ndiyo nitakayo kuwaeleza, maana wako wengi wanaodhani kama nilivyodhani mimi.

Hebu kumbukeni imla. Darasa likiwa kimya, mwalimu husoma upesi. Mvua ikianza kupiga mabati, hurudia sentensi na kusoma neno moja moja. Ikipungua, hujaribu sentensi moja kwa upesi. Ikisikika huendelea hivyo, isiposikika hurudi katika mwendo wa pole. Ruta nayo hufanya vivyo hivyo, ila mvua yake ni umbali, kuta, vyuma na mawimbi ya mitambo mingine.

Ruta yetu ni ya aina iliyotoka mwaka 2003. Ina ngazi nane za mwendo: ya juu ni biti milioni 54 kwa sekunde, ya chini ni milioni 6. Katika ngazi ya juu kila alama irushwayo hewani yaweza kuwa na sura 64, kwa hiyo hubeba biti sita kwa mara moja. Lakini sura hizo zimekaribiana mno, na kelele kidogo tu humfanya msikilizaji adhani hii ni ile. Katika ngazi ya chini sura ni mbili tu. Alama hubeba biti moja, lakini ni vigumu kuikosea.

Je, ruta hujuaje kwamba mvua imeanza? Haina macho. Kompyuta ikipokea pakiti salama, hujibu papo hapo kwa alama fupi ya kusema imepata. Jibu lisipokuja, ruta hujua kuna lililoharibika, basi. Mwaka 1997 Ad Kamerman na Leo Monteban walitoa kanuni nyepesi ambayo mimi naipenda sana: majibu mawili yakikosekana mfululizo, shuka ngazi moja, yakija kumi mfululizo, panda moja ujaribu.

Lakini kimya hakisemi sababu yake. Mitambo miwili ikisema kwa pamoja, pakiti huharibika hata kama iko karibu na hakuna ukuta. Ruta hudhani ni mvua, ikashuka ngazi bure. Programu ya Minstrel, itumikayo katika Linux, ni stadi zaidi. Hutenga kama pakiti moja katika kumi za kujaribia mwendo mwingine, na huweka hesabu ya mwendo upi unafikisha mzigo mwingi.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Pakiti hupewa zamu moja moja, bila kujali kila moja itakaa hewani muda gani. Pakiti iendayo kwa milioni 6 huchukua karibu mara tisa ya muda wa ile iendayo kwa milioni 54, na wengine wote wakingoja. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walilieleza jambo hili mwaka 2003: kompyuta moja ikisema kwa milioni 1, zile ziwezazo milioni 11 nazo huanguka chini ya milioni 1.

Basi ni kweli kwamba yeye ndiye aliyetuchelewesha. Lakini alikuwa akipakua mtihani wa Hisabati kama sisi sote, na kiti kile cha nyuma ya kabati nilimpa mimi.

Jumamosi tulilihamisha kabati, watu wanne, tukitokwa jasho. Kompyuta ya pembeni sasa hupakua karibu sawa na nyingine, ila siku ambazo chumba kimejaa. Kijana nilimfuata bwenini nikamwomba radhi. Akasema nikamwambie hayo mbele ya walewale walioona akitolewa. Nilifanya hivyo Jumatatu.