Mungu Si Mdai Wako

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na katika mambo ya dunia hii sijaona dawa nyingine. Aliyekopa kilo mbili za sukari hawezi kupona kwa kumkwepa mwenye duka. Atapita njia ya nyuma leo na kesho, lakini siku moja watakutana tu, msibani au kisimani. Hekima hii twaijua tangu utoto, nayo imetufaa. Shida yaanza pale tunapoichukua nzima nzima na kuipeleka mpaka mbele ya Mungu, tukadhani kwamba naye ameketi mahali fulani, daftari mkononi, akitungojea mwisho wa mwezi.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu: kitabu cha Ubatizo, cha Kipaimara, cha Ndoa, cha Wafu, na pamoja na hivyo daftari la zaka, lenye majina ya familia zote kwa kufuata jumuiya zao. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa hesabu alipenda kutukumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli kabisa, wala siandiki leo ili kuyadharau madaftari. Parokia isiyoandika fedha zake haikawii kuingia katika ugomvi. Lakini nikiwa nyuma ya meza ile nimeona jinsi watu wanavyolitazama daftari langu. Wengine hulitazama kama kwamba limeandikwa mbinguni.

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, alikuja ofisini mzee mmoja mkulima. Mkewe alikuwa mgonjwa sana nyumbani. Nilidhani amekuja kumwita Padre. Kumbe kwanza alitaka nimfungulie ukurasa wake, ajue anadaiwa kiasi gani cha miaka miwili, ili akauze mbuzi, alipe, ndipo apate uso wa kumwombea mkewe Mpako wa Wagonjwa. Miaka hiyo miwili hakuonekana kanisani. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, mtu huendaje kusalimia kwenye nyumba anayodaiwa?" Nililifunga daftari nikampeleka kwa Baba Paroko, na Padre aliondoka kwa pikipiki mchana ule ule. Mbuzi alibaki zizini.

Yafaa kila Mkristo ajue kwamba jambo hili Kanisa limeliandika katika sheria zake. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa uliotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983 wasema, katika kanuni ya 848, kwamba mhudumu wa sakramenti asidai kitu zaidi ya matoleo yaliyowekwa na mamlaka halali, na aangalie siku zote kwamba maskini hawakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181, inayohusu mazishi, yakataza upendeleo, na yataka maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Basi ukisikia mtu akisema kwamba fulani hawezi kuzikwa na Kanisa kwa kuwa alikufa maskini na kadi yake tupu, mwambie aende akasome. Na kama aliyesema hivyo ni karani, asome mara mbili.

Lakini sheria hutibu upande mmoja tu. Yule mzee hakuwa amefukuzwa na mtu. Alijifukuza mwenyewe, kwa sababu ndani ya moyo wake Mungu alikuwa mdai. Ugonjwa huu haumtazami maskini peke yake. Namna ulivyo, naona haujaelezwa vizuri mahali popote kuliko katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, kuanzia mstari wa 23, pale Bwana Yesu anaposimulia habari za mtumishi aliyedaiwa na mfalme talanta elfu kumi.

Hapa niruhusu, msomaji, nifanye hesabu kidogo. Katika Injili hiyo hiyo, sura ya 20, kibarua wa shamba la mizabibu hulipwa dinari moja kwa siku. Wataalamu wa Maandiko huhesabu talanta moja kuwa kama dinari 6,000. Talanta 10,000 basi ni dinari 60,000,000, yaani vibarua vya siku milioni sitini. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula hata senti, atamaliza deni lile baada ya miaka 200,000. Au tuseme kibarua wa kwetu alipwa shilingi 10,000 kwa siku: deni ni shilingi bilioni 600. Yosefo, mwandishi wa historia wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aandika kwamba Herode Antipa alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka Galilaya na Perea pamoja. Kwa hiyo waliomsikiliza Yesu walikuwa wakiambiwa habari za mtu mmoja mwenye deni la kodi ya nchi yao ya miaka hamsini. Nadhani baadhi yao walicheka.

Sasa sikia mtumishi yule alivyoomba. Alianguka kifudifudi, akamsihi mfalme amvumilie, naye atalipa yote. Yote! Hakuomba asamehewe. Aliomba muda. Mtu aliyehitaji miaka laki mbili alitaka apangiwe awamu za kulipa. Na mfalme hakulijibu ombi hilo hata kidogo. Hakumpa mwezi wala mwaka. Alimwonea huruma, akamwachilia, akafuta deni.

Twajua yaliyofuata. Mtumishi alitoka nje akamkuta mwenzake aliyedaiwa naye dinari mia, akamkaba koo. Wahubiri wengi husema alikuwa mtu asiye na shukrani, na sikatai. Ila mimi naona kuna jambo lililotangulia ukosefu wa shukrani: hakuyaamini masikio yake. Aliambiwa deni limefutwa, naye akasikia kwamba ameongezewa siku. Alitoka mle ndani akiwa bado mdaiwa moyoni mwake, akaanza mara moja kukusanya, kwa maana anayedhani atalipa yote hana budi kubana kila senti iliyo nje. Ndiyo sababu watu wanaojitesa sana kumlipa Mungu mara nyingi ni wagumu kwa wake zao, kwa watoto wao, na kwa wale wanaoketi nao benchi moja kanisani.

Wanaoomba muda ni wengi kati yetu. Kuna mwenye kuahidi kwamba akipona atanunua kengele ya kigango. Kuna mama ambaye novena yake ilikatika siku ya sita kwa sababu ya mtoto mgonjwa, naye sasa aogopa kwamba zile siku tano zimepotea. Lakini ninaowasikia zaidi ni vijana. Kijana ameanguka katika dhambi, tuseme ulevi au uzinzi, naye asema, "Ngoja kwanza nijirekebishe, nikishatulia nitarudi kanisani." Hufikiri huo ni unyenyekevu. Anachoomba ni kile kile alichoomba mtumishi: mfalme amvumilie, naye atalipa yote. Miezi yapita, hatulii, kwa kuwa ameikimbia nguvu ambayo ingemtuliza.

Mwafrika mwenzetu mmoja aliishughulikia habari hii mpaka uzee wake. Agostino alizaliwa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, mwaka 354, akabatizwa na Askofu Ambrosi huko Milano mwaka 387. Pelagio, mtu wa maisha safi, alifundisha kwamba binadamu aweza kushika amri za Mungu kwa nguvu za hiari yake mwenyewe. Agostino alimpinga. Yeye alijua kwamba kwa miaka mingi alikuwa ametaka kuacha maisha yake ya zamani na hakuweza, hata Mungu alipomshika. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 418 wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Lakini yangali hai katika mioyo ya watu wema. Mlevi hana haja nayo.

Hata Wakristo walioachana kwa ajili ya neno hili wamekaribiana. Msomaji anajua jinsi Martin Luther alivyosimama mwaka 1517 kushambulia biashara iliyokuwa ikifanywa na rehema za Kanisa, na mgawanyiko uliofuata. Asilolijua kila mtu ni kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni walitia sahihi tamko la pamoja, wakikiri kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yake. Na kwamba Roho Mtakatifu hutufanya upya na kutuwezesha kutenda mema. Wametheodisti nao walijiunga mwaka 2006. Haya si maneno ya wataalamu tu. Katika familia nyingi za kwetu mume ni Mlutheri na mke ni Mkatoliki, nao huweza kulizungumza jambo hili jioni bila kuogopana.

Mtu ataniuliza: kama ni hivyo, kwa nini basi tutoe zaka? Na aliyeiba, arudishe kwa nini? Swali ni la haki. Mtazame Zakayo, katika Luka sura ya 19. Alirudisha mara nne, na nusu ya mali yake akawapa maskini. Lakini angalia lipi lilitangulia. Yesu hakusimama chini ya mkuyu akingoja mahesabu yakamilike ndipo aende kula. Alimwita ashuke, akasema atashinda nyumbani kwake siku ile, watu wakanung'unika, na Zakayo akaanza kutoa. Angalimwambia alipe kwanza, nadhani Zakayo angalibaki juu ya mti mpaka usiku.

Lugha yetu yenyewe yatusaidia hapa. Mvua zikinyesha kwa wakati wake na ghala zikajaa, twasema mwaka huu ni wa neema. Ni nani aliyewahi kuletewa ankara ya mvua? Hata hivyo mkulima hakai kibarazani kuitazama. Hushika jembe, hupalilia, hufukuza ndege. Jasho lake haliilipi mvua, bali mvua ndiyo iliyolipa jasho lake maana. Tena, mwana aliyekua akimpelekea mama yake sukari na kitenge, hakuna anayedhani amekwenda kulipia maziwa aliyonyonya. Siku akianza kuyapigia hesabu maziwa yale, mama atalia.

Kwa hiyo zaka yabaki wajibu wetu. Kanuni ya 222 yasema wazi kwamba waamini wapaswa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, na paa la kanisa halijiezeki. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto barua ya pili, sura ya 8, awasifu Wakristo wa Makedonia waliotoa kwa ukarimu wakiwa katika umaskini mkubwa. Naye ataja kwanza neema waliyopewa, ndipo aseme habari za matoleo. Mwenye kidogo atoe kidogo. Asiye na kitu aje na mikono mitupu, na asiketi benchi la nyuma kwa ajili hiyo.

Limebaki lile la dinari mia, nami nisingependa tulipite haraka. Kwa hesabu yetu ya kibarua, ni shilingi milioni moja. Si fedha ya kuchezea! Bwana Yesu hakusema kwamba tuliyotendewa na wenzetu ni madogo. Ndugu aliyekudhulumu shamba la urithi amekudhulumu kweli, na kama liko njia ya haki ya kulirudisha, ifuate. Lakini mkono ulio kooni mwake, uondoe. Najua familia ambayo ndugu wawili hawakusalimiana kwa miaka tisa kwa ajili ya mipaka ya migomba, na wote wawili walipokea Komunyo kila Dominika, mmoja Misa ya kwanza, mwenzake Misa ya pili, wasije wakakutana wakati wa kutakiana amani. Walipatana kwenye kitanda cha mmoja wao hospitalini. Migomba ilikuwa imekwisha kukauka.

Yule mzee wa mbuzi alimzika mkewe baada ya Pasaka. Tangu hapo huja Misa ya kwanza, na anapopita ofisini hunisalimu bila kulitazama daftari. Kadi yake bado ina nafasi wazi nyingi. Kama wewe unayesoma gazeti hili umekaa mbali kwa sababu kama yake, au kwa sababu nzito zaidi, mwulize katekista wako saa za kitubio. Katika parokia yetu Padre huketi Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, na tena Dominika nusu saa kabla ya Misa ya kwanza; na mgonjwa asiyeweza kutembea atume mtu siku yoyote.