BOILA INAPOJIZIMA

Umeinjika sufuria ya maharage. Maji yanachemka na mvuke unainua kifuniko. Je, kama kifuniko kingefungwa kwa boliti, nguvu ile ingekwenda wapi?

Boila ni tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji. Viwanda vya chai hutumia mvuke wake kukaushia majani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke nje, huhitaji nafasi ya lita 1,600 hivi. Ndani ya boila haipati nafasi hiyo. Mwaka 1905, mjini Brockton, Marekani, boila ya kiwanda cha viatu ilipasuka. Watu 58 walikufa.

Maji hayo pia hupoza chuma. Yakipungua sana, chuma hubaki wazi motoni na kulainika. Kwa hiyo boila huwekewa boya. Maji yakishuka, boya nalo hushuka, linakata umeme, na moto wa mafuta unazimika. Kifaa kingine hukata moto mvuke ukizidi kiwango.

Boila ya kuni ni tofauti. Feni husimama, lakini makaa huendelea kuwaka. Hapo pana hatari, maana mtu huona kimya akadhani mambo yamekwisha.

Boila ikijizima, usiseme upesi kwamba imeharibika. Wako watu wanaofunga swichi kwa waya ili chai isiharibike. Nawaelewa, maana hasara ya chai huonekana siku ileile. Lakini boila hiyo sasa haina wa kuizuia.

Tazama kioo cha kupimia maji. Kama maji hayaonekani, usifungulie maji baridi hata kidogo! Maji yakigusa chuma chenye moto mkali hugeuka mvuke ghafla, na boila inaweza kupasuka. Zima mafuta, au simamisha feni na usiongeze kuni. Waondoe watu, kisha mwite fundi.

Boya nalo huweza kunasa kwa tope na magadi ya maji. Likinasa, halishuki. Ndiyo sababu mwendesha boila hufungua bomba la chini la boya kila siku, tope litoke, huku akiangalia kama moto utakatika.

Baada ya maji kupungua, boila nyingi haziwaki tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Kisibonyezwe kabla boila haijapoa na sababu haijajulikana. Zamu yako ikiisha kabla ya hapo, andika daftarini na umweleze mwenzako anayeingia.