Chembe Zinazoshikana Mwilini

Ukisimama Bandari ya Kale hapa Mombasa ukatazama ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, huko ndiko alikozikwa mama mmoja aitwaye Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, pamoja na binti yake mchanga. Walifika mji huu mwaka 1844, naye Rosine alikuwa mja mzito. Mwezi wa Julai homa ikamshika. Alijifungua, na baada ya siku chache akafariki. Mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa.

Wanahistoria huihesabu homa ile kuwa malaria. Siku zile watu walidhani inaletwa na hewa mbaya. Alphonse Laveran alikiona kijidudu chake katika damu mwaka 1880, na Ronald Ross akakionyesha ndani ya mbu mwaka 1897. Lakini swali moja lilibaki: kwa nini malaria huwaonea akina mama waja wazito kuliko watu wengine? Jibu lake limo katika jinsi chembe za mwili zinavyoshikana.

Zitazame nyumba za Mji wa Kale, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na boriti za mikoko. Mwili nao umejengwa kwa chembe ndogo sana, na kila chembe ina vishikio juu yake, vinavyoshikana na vya jirani. Ndivyo tunavyoungwa tumboni mwa mama, jambo alilolistaajabia mtunga Zaburi ya 139. Mfano wa chokaa, hata hivyo, unafika hapo tu. Chokaa ikikauka haiachi. Chembe hai hushika na kuachia.

Chukua mtu aliyechomwa na mwiba wa samaki kidoleni. Ukuta wa mshipa ulio karibu na kidonda hutoa vishikio. Chembe nyeupe ya damu ikipita kwa kasi hunaswa kidogo, huachia, hunaswa tena, ikibingirika kama pipa linalosukumwa na hamali. Mwisho hushika kabisa, hujibana kati ya chembe mbili za ukuta, ikatoka nje ya mshipa. Huko hunyoosha upande wa mbele kama mguu, hushika nyuzi za nyama, hujivuta, kisha huachia nyuma. Kwa dakika moja husogea kiasi cha upana wake mwenyewe. Isiposhika haiendi, na isipoachia haiendi vilevile. Wako watoto wachache sana wanaozaliwa bila kishikio kimojawapo: damu yao imejaa chembe nyeupe, lakini vidonda vyao havitungi hata usaha, maana askari wamejaa njiani na hawawezi kuingia nyumbani.

Chembe nyekundu haina kazi ya kushika. Yenyewe hupita tu, ikigawa hewa safi. Hapo ndipo kijidudu cha malaria kali kinapofanya hila yake. Kikisha kuingia ndani ya chembe nyekundu, baada ya kama siku moja huchomoza vinundu juu yake, na vinundu hivyo vina vishikio vya kunasa ukuta wa mishipa midogo. Kinakimbia wengu, ambao huchuja chembe zilizoharibika. Zikijazana ubongoni, mtoto huzimia na kupatwa na degedege.

Katika mja mzito hupata maficho mengine: kondo la nyuma. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza akina mama wa magharibi ya Kenya, walieleza kwamba chembe zenye malaria zilizotoka kwenye kondo hushika kitu fulani cha jamii ya sukari kilichomo humo, wala hazishiki zile sehemu ambazo nyingine huzishika. Kwa hiyo mama aliyekulia penye malaria, mwenye kinga tangu utotoni, bado hana kinga ya mshiko huu. Mimba ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi. Katika zinazofuata mwili hujifunza kuuzuia. Rosine, mzaliwa wa Ulaya, hakuwa amekulia penye malaria kali ya namna hii.

Na hili, akina mama, lisikieni vizuri. Damu ya kidole yaweza kupimwa isionekane kitu, na huku kondo limejaa. Mama hupungukiwa damu polepole, hana hata joto. Mtoto huzaliwa mdogo, au kabla ya wakati wake.

Ndiyo sababu kliniki za wajawazito katika sehemu za malaria, Pwani ikiwamo, huwapa akina mama dawa ya SP tangu mwezi wa nne wa mimba, kila kipimo kikipishana na kingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Wengi huuliza, mbona ninywe dawa nami si mgonjwa? Ni swali la haki, na jibu lake ni hilo kondo la nyuma. Mweleze muuguzi dawa nyingine unazotumia, maana ziko zisizochanganywa na SP. Nacho chandarua chenye dawa kilaliwe kila usiku, hata miezi ya kiangazi.