Darubini Ile Ile, Jicho Jipya

Darubini inaposifiwa, kinachotajwa kwanza ni ukubwa wake: upana wa kioo, uzito wa chuma, urefu wa mlima iliposimikwa. Sifa hizo ni za haki, lakini zinaacha nje jambo ambalo kwa miaka mingi sasa limekuwa likiamua tunachoweza kuona angani, hasa kwa wanaochunguza mnururisho mkongwe kuliko wote ulimwenguni. Jambo hilo ni baridi ya kitambuzi, yaani kile kifaa kidogo kinachopokea mwanga uliokusanywa na kioo, pamoja na ufundi wa kusoma kile kinachopokewa. Ushahidi ulio wazi uko Antaktika, kwenye Darubini ya Ncha ya Kusini. Sahani yake ya mita 10 ilianza kazi mwaka 2007 na upana wake ni uleule hadi leo. Kilichobadilika ni kamera. Ya kwanza ilikuwa na vitambuzi 960. Ya pili, iliyofungwa mwaka 2012, ilikuwa na zaidi ya 1,500. Ya tatu, iliyoanza mwaka 2017, ina takriban 16,000. Kama usikivu wa kila kitambuzi ungekuwa uleule, kazi ambayo ingeichukua kamera ya kwanza miaka kumi na sita, hii ya tatu ingeimaliza kwa mwaka mmoja.

Kwa nini baridi? Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, wakifanya kazi huko New Jersey, Marekani, walitangaza kwamba anga lote linatoa mnururisho hafifu usiokoma, usiku na mchana, kila upande. Ni mabaki ya mwanga wa ulimwengu ulipokuwa mchanga, na joto lake leo ni nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, ile baridi ya mwisho iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Habari nono haimo kwenye joto lenyewe, bali kwenye tofauti ndogo kati ya sehemu moja ya anga na nyingine, tofauti za takriban sehemu moja kwa laki moja. Humo ndimo zilimoandikwa mbegu za galaksi zote. Sasa, kila kitu chenye joto hutoa mnururisho wake chenyewe, na atomi zake hutikisika bila kutulia. Kitambuzi chenye joto la chumbani kingezama katika vurugu yake chenyewe kabla hakijapata chochote kutoka mbinguni. Ndiyo maana vitambuzi vya Ncha ya Kusini hupozwa hadi karibu theluthi moja ya nyuzi juu ya sifuri halisi, baridi kuliko anga lenyewe vinalolipima.

Baridi hiyo ina faida ya pili. Mwaka 1911, katika mji wa Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki kwa heliamu ya kimiminika, akaona ukinzani wake wa umeme ukitoweka ghafla kwenye nyuzi 4.2 hivi juu ya sifuri halisi. Neno la kushika hapo ni ghafla. Utando mwembamba wa metali ukishikiliwa pale pale mpakani, ambapo ukinzani uko njiani kutoweka, joto dogo mno linatosha kuubadilisha sana. Hicho ndicho kitambuzi. Mnururisho kutoka angani unakipasha joto kidogo, ukinzani unapanda, mkondo wa umeme unapungua. Mkondo ukipungua, joto ambalo umeme ulikuwa ukilizalisha ndani ya utando nalo linapungua, na kitambuzi kinarudi mahali pake chenyewe. Badiliko la mkondo hupimwa na kifaa kingine cha aina hiyohiyo ya metali zisizo na ukinzani, chenye uwezo wa kuhisi usumaku hafifu sana. Katika kamera ya sasa, kila antena ndogo inalisha vitambuzi sita: masafa matatu ya mawimbi, na kwa kila masafa, pande mbili za mtetemo wa wimbi.

Vitambuzi vya namna hii vimeshafikia mahali ambapo kuviboresha kimoja kimoja hakusaidii sana. Mwanga wenyewe huja kwa chembechembe, fotoni, zisizofika kwa mpangilio, na mtawanyiko huo hauondolewi na ufundi wowote wa kitambuzi. Njia iliyobaki ni kuongeza idadi, na hapo tatizo linahamia kwenye nyaya. Kila waya unaotoka kwenye chumba cha joto la kawaida kwenda kwenye baridi kali unaingiza joto. Vitambuzi 16,000 vyenye nyaya mbilimbili vingehitaji nyaya 32,000, na hakuna jokofu la baridi kali linaloweza kuhimili mzigo huo. Mafundi wakapata suluhisho linalofanana na redio: kila kitambuzi kilipewa masafa yake, na vitambuzi 68 vikawa vinapita katika jozi moja ya nyaya, kisha kompyuta inavitenganisha. Nyaya zenyewe, pale penye baridi, hutengenezwa kwa mchanganyiko wa niobiamu na titani, ambao hupitisha umeme bila ukinzani huku ukipitisha joto kidogo sana. Mwaka 2003 watafiti wa Caltech na maabara ya JPL walipiga hatua nyingine: walieleza kitambuzi ambacho chenyewe ndicho chenye masafa yake, na fotoni zikikigusa masafa hayo yanasogea. Leo kamera ya NIKA2 kwenye darubini ya mita 30 ya Pico Veleta, Hispania, ina vitambuzi vya aina hiyo karibu 2,900.

Wapo watakaosema kwamba sahani kubwa bado ndiyo msingi. Ni kweli kwamba upana ndio unaotoa ukali wa picha, na hakuna kitambuzi kinachoweza kuurudisha ukali ambao kioo hakikuuleta. Lakini sahani kubwa yenye jicho la joto itatupa picha kali ya kelele. Wengine watauliza kwa nini tusiende angani, nje ya hewa. Ulaya ilikwenda: chombo cha Planck kilirushwa mwaka 2009 na vitambuzi vyake hamsini na ushee vikapozwa hadi sehemu moja ya kumi ya nyuzi juu ya sifuri halisi, kazi iliyotupa ramani bora ya anga zima. Januari 2012 heliamu yake ya kupozea ikaisha, na hakuna fundi aliyeweza kwenda kuijaza. Ardhini, kamera hubadilishwa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba usikivu si ukweli. Machi 2014 watafiti wa darubini ya BICEP2, waliokuwa nao wakitumia vitambuzi vya aina hii hapohapo Ncha ya Kusini, walitangaza dalili za mawimbi ya mvutano kutoka sekunde ya kwanza ya ulimwengu. Mwanzoni mwa mwaka 2015, uchambuzi wa pamoja na timu ya Planck ulionyesha kwamba dalili ile iliweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu. Vitambuzi havikukosea, kwani vilichokiona kilikuwepo kweli. Upungufu ulikuwa kutazama kwa masafa mamoja tu, ambayo hayatoshi kutenganisha vumbi na mwanga wa kale. Dawa yake ni masafa mengi kwa wakati mmoja, yaani vitambuzi vingi zaidi na usomaji bora zaidi. Kisa hicho kinaipa nguvu hoja ya makala hii.

Tukubali kwamba gharama ni kubwa na kwamba hakuna mgonjwa anayetibiwa na ramani ya anga. Hata hivyo ufundi huu haukai mbali nasi. Waya uleule wa niobiamu na titani, uliopozwa kwa heliamu, ndio unaotengeneza sumaku za mashine za MRI hospitalini. Na heliamu, ambayo haina mbadala katika baridi ya kiwango hiki, ipo kwetu: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walisaidia kubainisha hazina yake katika bonde la Rukwa, Tanzania, ambako miamba ya kale imekuwa ikiizalisha kwa kuoza kwa urani na thori. Itakuwa hasara kuichimba gesi hiyo na kuisafirisha bila kulea hata fundi mmoja anayejua kuitumia. Vyuo vyetu vya fizikia na uhandisi vinapaswa kuufundisha ufundi wa baridi kali sasa, wakati visima bado ni vipya. Na msomaji atakaposikia tena habari za darubini mpya, asiishie kuuliza upana wake; aulize jicho lake lina baridi kiasi gani, lina vitambuzi vingapi, na vinasomwa vipi.