Kitambaa cha Kijani Hakimkingi Mtu

Katika maswali ninayoulizwa kila nitokapo msikitini hapa Karatu, hakuna lililonichosha kama hili: je, kitambaa cha kijani, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi ya Uislamu, kikifungwa juu ya mlango au mkononi mwa mtoto mchanga, huzuia husuda na mashetani? Hakizuii kitu, na wanaokiuza kwa jina la dawa wanakula mali za watu kwa dhuluma.

Kurani imeitaja rangi hiyo kwa utukufu: mavazi ya hariri ya watu wa Peponi katika Suratul-Kahf na Suratul-Insan, na katika Suratul-Hajj ardhi igeukayo chanikiwiti baada ya mvua, aya ambayo mtu aliyeliona bonde la Ngorongoro likikauka kiangazi na kuvaa majani wakati wa masika hahitaji kufasiriwa. Walakini zote hizo ni habari za neema na kudra ya Muumba, wala hapana hata moja iliyoipa rangi yenyewe uwezo wa kukinga.

Ama wanaotoa hoja ya kuba la kijani la Msikiti wa Mtume huko Madina, na wajue kwamba kuba hilo, lililojengwa mwaka 1279, halikupakwa kijani ila mwaka 1837, kwamba kilemba cha kijani cha masharifu kilitokana na amri ya Sultani Shaaban wa Misri katika karne ya 14, na kwamba Mtume (S.A.W.) alihimiza nguo nyeupe. Bendera ya Masultani wa Unguja ilikuwa nyekundu, wala hakuna aliyewatoa katika dini.

Tena, katika safari ya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, watu waliosilimu karibuni walipouona mkunazi ambao washirikina waliutundikia silaha zao kutaka baraka, wakamwomba Mtume awafanyie wao mti kama ule, aliwakemea vikali, akawafananisha na Bani Israili waliomtaka Musa awafanyie mungu. Ikiwa mti ulio hai haukuruhusiwa, kitambaa cha dukani kimepata wapi idhini?

Basi kifungueni, mshoneeni mtoto nguo. Mwenye kuhofu husuda asome Al-Falaq na An-Naas. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali leo hii. Nyumba ipakwe rangi yoyote. Na Mmasai aliyesilimu asiivue shuka yake nyekundu kwa maneno ya mitaani, maana sahaba Al-Baraa bin Azib amesimulia kwamba alimwona Mtume amevaa vazi jekundu.